Maji ya Kupigia Msasa

Sisi tuliokulia Vitongoji wakati vyama vingi vinaingia tunalijua jambo moja ambalo vijana wa leo hawalijui: gari ilikuwa haipelekwi kwa fundi. Fundi alikuwa baba yako. Leo kijana gari yake ikikwaruzwa na pembe ya ng'ombe, kwanza anaipiga picha, anawatumia wenzake wote wamlilie, halafu anaiacha gereji mjini Chake wiki mbili na kurudi kwa miguu huku analalamikia jua. Enzi zetu bati likioza ulikata debe la mafuta, ukalipiga nyundo mpaka likanyooka, ukaziba tundu, ukapaka rangi, na Ijumaa ukaenda nayo kuswali. Kiraka kikionekana, kilionekana. Aliyekicheka mara nyingi hata baiskeli hakuwa nayo.

Yetu tukiiita Kasa. Ilikuwa gari ndogo ya Kiingereza, mgongo wa duara, milango miwili, na viti vilivyonuka petroli, udi na mafuta ya nazi ya mabibi harusi. Sakafuni upande wa kushoto palikuwa na tundu, na sisi watoto tukigombania kukaa pale ili tuitazame barabara inavyokimbia chini ya miguu yetu. Tulidondosha kokwa za kungu mle tunduni na kugeuka nyuma kuangalia zinaangukia wapi. Mama alikuwa akisema, "Siku moja atadondoka ntoto, ndo mtakapoliziba."

Babu aliinunua mwaka karafuu zilipokubali, mimi sijazaliwa. Alipofariki aliacha wana wawili: Baba, aliyekuwa mwalimu wa skuli, na kaka yake, Ami Salim, aliyekuwa mkulima. Ami alichukua nyumba ya juu yenye kisima ambacho Babu alikichimba kwa mikono yake, na Baba akachukua nyumba ya chini, upande wa pwani, pamoja na Kasa. Waligawana wakicheka. Nakumbuka tukihadithiwa kwamba Ami alisema, "Mie sina nkono wa chuma. Chukua gari yako, ila wanangu wakiolewa utawapakia." Na kweli, binti zake wote wawili walipakiwa, na wa majirani pia, na wagonjwa waliokimbizwa Chake, na mara moja hata mbuzi wa akika.

Kisha ukaja uchaguzi. Baba, kwa kuwa ni mwalimu, alipewa kazi ya kukaa kwenye meza ya kituo cha kupigia kura, aandike majina. Akakubali, maana mwalimu wa serikali hakuwa na pa kukataa. Matokeo yalipotangazwa, watu wa mtaa wetu hawakuyakubali, na waliomwona Baba kwenye ile meza wakasema naye amo katika kuiba kura. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walitususia tu. Nani kati yetu wa rika hili hakumbuki kususiwa? Salamu haiitikiwi. Dukani unaambiwa sukari imekwisha na huku unaiona. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa fundi wa nage, hakuna aliyenilenga kwa mpira akanipata. Ghafla nikawa wa kutazama. Wasichana niliocheza nao tangu tunatambaa wakawa wanajigawa pande mbili sawasawa hata wakiwa watano, mmoja anakaa pembeni, ili mradi wasiniite mimi.

Watu wanapoandika habari za miaka ile huandika mambo makubwa. Mimi nakumbuka nage.

Ami Salim hakutoa neno lolote. Hakuja kwetu, lakini hakusema kitu, na Baba alikishika kimya kile kama mtu aliyeshika risiti. "Ndugu hasusi," alikuwa akimwambia Mama. Mama mwenyewe alishaacha kwenda kisima cha Ami tangu wiki ya kwanza, kwa sababu wanawake wa kisimani walikuwa wakinyamaza akifika na kucheka akiondoka. Maji ya kunywa Baba alituletea kwa dumu, nyuma ya baiskeli, kutoka bomba la Chake. Ya kuogea na kufulia tulichota kisima cha pwani, ambacho maji yake yana chumvi hata sabuni haitoi povu.

Katika hali hiyo dada yangu Zuwena akaposwa na watu wa kijiji cha Ole. Harusi ikapangwa baada ya mavuno ya karafuu, na Baba akaamua kwamba binti yake hatatoka na gari yenye kutu. Nadhani alitaka kuwaonyesha watu kwamba nyumba yetu bado ni nyumba. Akaiingiza Kasa kwenye banda la makuti ubavuni mwa nyumba, akavua shati, na skuli zilipofungwa hakuonekana tena bila nyundo.

Wallahi sijaona raha kama zile wiki. Aliing'oa milango, akayang'oa madigadi, akavipanga uani kama vyombo vya mgeni. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka mikono ikawa myekundu. Palipooza kabisa alikata kwa mkasi wa bati, akapima kiraka kwa karatasi ya daftari la skuli, akakikata kwenye debe, akakilaza juu ya gunia la mchanga na kukigonga polepole kwa nyundo ya mti mpaka kikapinda vile anavyotaka. Sisi kazi yetu ilikuwa kushika. "Shika hapa. Usitikisike. Weye unapumua sana." Mama akipita anasema bora angeioa gari. Hata lile tundu letu la sakafuni lilizibwa, na siku ile nililia, Baba akacheka mpaka akakaa chini.

Baada ya viraka alipaka puti ya kusawazisha bati, na baada ya puti ikaja kazi ya msasa. Sasa hapo ndipo ninapotaka kufika. Msasa wa mwisho ni wa maji. Unalowesha karatasi, unasugua, unamwagia, unapapasa kwa kiganja umefumba macho, unasugua tena, mpaka bati liwe laini kama shavu la mtoto. Yanakwenda maji mengi, ndoo kwa ndoo, siku tatu, nne. Na yanatakiwa maji matamu. Baba alitueleza kama anavyoeleza darasani: chumvi ikibaki chini ya rangi, huioni, unapaka, inang'aa, kumbe imelala mle ndani inavuta unyevu na kula bati. Dumu la baiskeli lisingetosha hata kuosha mlango mmoja.

"Maryam," akaniambia, "chukua ndoo mbili, nenda kwa ami yako."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Usinpeleke ntoto kule."

"Kisima kile kakichimba baba yangu."

"Basi nenda mwenyewe."

"Nikenda mie itakuwa naomba. Akenda ntoto, kaenda kwao. Ntoto hanyimwi maji."

Wasomaji wa rika langu mnalijua neno hilo, mlilelewa nalo. Mtoto hanyimwi maji, hanyimwi moto, harudishwi mlangoni. Ndiyo maana wazee walitutuma sisi kila palipokuwa na haya ya kwenda wenyewe. Tulikuwa ndimi zao. Nikabeba ndoo zangu nikapanda juu kwa Ami, nikiimba.

Mke wa Ami, Bi Asha, alikuwa kisimani na wanawake watatu. Huyu ni Bi Asha aliyenisuka nywele zangu za kwanza. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Asha." Hakuitikia. Aliivuta ndoo ya kutekea mpaka juu, akayamwaga maji chini, akaizungusha kamba mkononi, mzunguko mmoja mmoja, taratibu, akaitia begani. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenituma chumvi dukani:

"Kamwambie babaako, maji akaombe huko alikozipeleka kura zetu."

Nikashuka. Njiani nilijaribu kuyasema yale maneno kwa mdomo, nione kama yanatamkika mbele ya Baba. Hayakutamkika. Nilimwona kwa macho ya moyo alivyokaa pale bandani na msasa wake mkavu anasubiri, na jinsi alivyosema "kaenda kwao," nikajua kwamba nikimfikishia ujumbe ule ataacha kila kitu, gari, harusi, na kile kimya cha kaka yake alichokuwa amekishikilia. Nikakata kona upande wa kulia, nikapita kwenye mikoko, nikafika kisima cha pwani. Nikajaza ndoo zote mbili. Kisha nikazunguka nyuma ya mihogo ili nirudi kwa njia ya juu.

"Umemkuta ami yako?" aliuliza Baba.

"Ee."

"Kasemaje?"

Hapa ningeweza kunyamaza. Lakini uongo ukishatoka unataka nguo. "Kasema gari ikimalizika muipeleke aione."

Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi hivyo. Aliinama juu ya ndoo kama hataki nimwone uso, akalowesha msasa, akaanza kusugua, na baada ya muda nikamsikia anaimba kasida kwa sauti ya chini. Jioni alimwambia Mama, "Nilikwambia." Mama akanitazama mimi. Nikainama kuokota kuni. Siku nne nilichota maji ya chumvi na kurudi kwa njia ya juu, na kila siku Baba aliniuliza Ami kasemaje, na kila siku nilimletea salamu mpya. Nilikuwa mtunzi mzuri. Siku moja Ami alimwombea dua, siku nyingine alimkumbusha walivyoanguka kwenye mkarafuu wakiwa wadogo, kisa ambacho nilishakisikia kwa Baba mwenyewe.

Rangi yenyewe ilitupa taabu, maana miaka ile kila rangi ilikuwa na mwenyewe. Baba alikaa na Zuwena wanazihesabu: hii watasema ya wale, hii watasema ya hawa, na hii ndiyo kabisa tutachomewa banda. Mwishowe wakakubaliana rangi ya karafuu kavu, hudhurungi iliyokoza, kwa kuwa hakuna chama kilichowahi kuitaka. Ikachanganywa na tina ya kuizimua kwenye ndoo. Kompresa hatukuwa nayo, umeme wenyewe haukuwapo, kwa hiyo Baba aliazima mpira wa tairi la trekta, tukaujaza kwa pampu ya mguu, tukipokezana mpaka magoti yanacheza, na upepo wa mpira ule ndio uliopuliza rangi. Alilowesha ardhi vumbi lisipande, akatundika vyandarua vyote vya nyumba kuizunguka gari ili nzi wasigande. "Gari inalala chandaruani," Mama alisema, "na wanangu wanaliwa na mbu." Lakini na yeye alikuja kuchungulia.

Ilitoka nzuri, msiniulize. Ukiinama ulijiona sura. Baba alivaa kanzu, akamwandikia kaka yake barua ya mwaliko, aje harusini na gari aione huko huko, kwa mwandiko wake wa ubaoni, akampa kijana wa Ole aipeleke, kwa sababu mimi siku ile niliumwa tumbo. Niliumwa kweli.

Siku ya harusi tulipika pilau ya mtaa mzima. Walikuja watu wa Ole, na walimu wawili wenzake, na bibi mmoja kiziwi ambaye nadhani hakuambiwa kwamba tumesusiwa. Baba alisimama mlangoni tangu asubuhi. Kila mtu akitokea kwenye njia ya juu alirekebisha kofia. Adhuhuri ikapita. Wageni wa Ole wakaanza kutazamana, wakasema safari. Zuwena akapakiwa, Kasa ikaondoka inang'aa, na milango ya majirani ikafungwa mmoja baada ya mwingine kadiri ilivyopita. Ami hakuja. "Labda kapata homa," Baba alisema. Pilau tulikula siku tatu, na iliyobaki tukawamwagia kuku.

Masika ilipoingia, boneti ikaota vipele. Mwanzo vidogo, unavisikia kwa kiganja tu. Kisha vikavimba kama malengelenge, kwenye boneti, kwenye madigadi, juu ya paa, kila mahali alipopiga msasa. Baba alikibonyeza kimoja kwa kidole gumba, kikapasuka, kikatoa maji. Akakitia kidole ulimini.

"Chumvi," akasema.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona anawaza, na nilizijua hatua za mawazo yake moja moja, maana mimi ndiye niliyezijenga. Maji yalitoka kwa Ami. Maji yalikuwa na chumvi. Kisima cha Babu hakina chumvi. Basi iliyotiwa, ilitiwa kwa mkono.

Ijumaa ile alimngoja kaka yake nje ya msikiti. Mimi nilikuwa natoka chuo cha Kurani na juzuu yangu kifuani, na nilikuta watu wameshasimama.

"Salim," Baba alisema, "kama hukutaka kunipa maji, ungeninyima. Kwa nini unitilie chumvi?"

"Maji gani?"

"Uliyompa ntoto."

"Wallahi mie sijakupa weye hata tone la maji tangu uchaguzi," Ami alisema, na alilisema kwa sauti, watu wasikie, kwa sababu siku zile lilikuwa jambo la kujisifia. Alikuwa anasema kweli. Na Baba naye alikuwa anasema kweli.

"Unaapa uongo mlangoni mwa nyumba ya Mungu," Baba akamwambia. Akaninyooshea kidole. "Ntoto yule pale. Muulize."

Watu wote wakanigeukia. Hao ndio waliokuwa hawaniitikii salamu miezi sita, sasa wanangoja neno langu. Ami alinisogelea, akainama kidogo.

"Maryam, mwanangu. Mie nimekupa maji?"

Nilikuwa na miaka kumi, na Baba alikuwa ananitazama. Ningesema hapana, wangejua wote kwamba mwalimu amekuwa akisubiri salamu za kutungwa na mtoto. Nikaitikia kwa kichwa.

Ami alinyooka. Alivaa makubadhi yake, akaondoka, na tangu siku ile hakumtaja ndugu yake kwa jina.

Nyote mnajua yaliyofuata, mlikuwapo. Wakubwa wa vyama walipatana. Walishikana mikono, wakagawana vyeo, wakanywa kahawa pamoja, na mtaa wetu nao ukapoa polepole. Wanawake wakaanza kukopeshana vikombe vya harusi. Wenzangu wa nage walikuja kwenye nikaha yangu wakapiga vigelegele kama hakuna lililotokea, nami nikawapakulia, kwani ningefanyaje? Kila ugomvi wa Vitongoji ulikwisha isipokuwa wa Baba na Ami. Ugomvi wao haukuwa tena wa kura. Mmoja alijua kwamba ametiliwa chumvi na ndugu yake, na mwingine alijua kwamba amesingiziwa mbele ya jamaa wa msikiti, na hakuna serikali inayoweza kupatanisha hilo. Kasa ilioza bandani mpaka ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nao wakaipakia vipande vipande.

Baba alifariki nikiwa na watoto watatu. Ami alikuja siku ya tatu ya matanga, mzee kabisa, anaongozwa. Akakaa barazani peke yake. Nikampelekea kahawa, nikaketi chini karibu na miguu yake, nikamwambia yote: Bi Asha, kamba, kisima cha pwani, salamu nilizozitunga. Sikusaza.

Kahawa ilimpoa mkononi.

"Kwa hiyo ndugu yangu kafa akijua nilimpa maji."

"Ee, Ami. Yenye chumvi."

"Nisingempa, Maryam." Machozi yalikuwa yanamteremka bila yeye kuyafuta. "Usijidanganye. Hata angekuja yeye mwenyewe kashika ndoo, siku zile nisingempa." Kisha akanishika mkono. "Wanangu waambie. Wamekua wakijua babaao kazuliwa, na hawajui kwa nini. Waambie mie sikutia chumvi."

Nikasema nitawaambia. Mwaka uliofuata na yeye akafariki, na mimi nilikwenda mazikoni, nikakaa nyuma, nikarudi sijawaambia.

Leo wanangu wana bomba uani. Wakigombana na binamu zao wa upande wa mume wangu wanafungiana simu asubuhi, jioni wanafunguliana, nami nawacheka kwamba hata kununa hawakuweza kujifunza. Wao hunijibu, "Enzi zenu, Mama, watu walipendana." Hulitoa wapi hilo? Hulitoa kwetu. Sisi ndio tunaokaa barazani na kuwahadithia madebe, na vyandarua, na mpira wa trekta, tukaishia hapo, na wao wakaamini kwamba hadithi ndiyo hiyo yote. Natamani ingekuwa hiyo yote. Natamani wiki zile za nyundo zingekatwa na kutolewa kwenye mwaka wake, zikabaki peke yake.

Mwanangu mkubwa, aliyerithi jina la Baba, huniuliza kila sikukuu mbona hatupandi kwa watoto wa Ami Salim, na wao ndio damu yetu ya karibu. Namwambia njia ya kule mbaya. Barabara ya kule imetiwa lami yeye hajazaliwa.